Anza Pale Palipoumia Mwisho

Somo: Luka 19:1-10

Wapendwa, ile Probox mnaijua. Mliichangia nyinyi wenyewe, mwingine mia mbili, mwingine akauza kuku, ili mchungaji aache kunyeshewa kwenye boda na Biblia mkononi. Leo neno linaanzia kwenye hiyo Probox. Kama Jumapili hukuwepo, tafadhali soma mpaka mwisho, maana kuna mtu anatudai.

Wiki tatu zilizopita, jioni, mvua ikipiga vile Eldoret inajua kupiga, nilirudisha gari nyuma pale nyumbani huku nikiongea kwa simu. Nguzo ya lango ikaingia ubavuni, juu ya gurudumu la nyuma. Hakuna aliyeona. Kesho yake mzee mmoja wa kanisa akaniuliza, nami nikajibu hata kabla sijafikiri: "Aah, ni hawa watu wa boda. Wamenigonga hapo nje ya kanisa."

Sikutaja jina. Lakini pale langoni kwetu anasimama boda mmoja tu kila Jumapili, na nyote mnamjua. Jumapili iliyofuata wazee wakamwambia aende akatafute stage kwingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikisalimia watu. Niliona. Nikanyamaza, nikaingia kuhubiri.

Basi nikaamua kunyoosha hilo bati mwenyewe, nyumbani. Nilijiambia ni kwa sababu ya pesa. Uongo mwingine huo. Niliogopa fundi ataniuliza maswali.

Nilikuwa nimeona kwenye simu mtu anamwaga maji moto mahali palipobonyea, panarudi penyewe. Nikachemsha birika mbili, nikamwaga. Mke wangu akatokea dirishani akaniuliza kama gari limekuwa kuku wa kunyonyoa. Hakuna kilichorudi. Baadaye ndipo nikajua maji moto husaidia bampa ya plastiki, na hili ni bati. Nikafungua ile plastiki ya ndani, nikaingiza mkono na nyundo ya misumari, nikapiga pale katikati, palipoingia zaidi. Nikapiga kwa bidii kama mtu wa kesha. Nilipomaliza bati lilikuwa limetanuka. Ukilisukuma kwa kidole linaingia, pu! Ukiachia linatoka. Rangi nayo imepasuka, na kwa mvua hii yetu kutu haichelewi.

Nikashindwa. Nikapeleka kwa fundi wa jua kali, mzee mtulivu, si wa kanisa letu. Alipitisha kiganja pale polepole, akainama akatazama mkwaruzo. Akauliza, "Pasta, nani alikugonga?" Nikasema, boda. Akanionyesha kidole chake kimepakaa vumbi la kijivu. "Pikipiki haiachi saruji. Na huu mkunjo unaonyesha gari ndilo lilikuwa linarudi nyuma."

Wapendwa, nilitoa jasho, na Eldoret ilikuwa baridi.

Hakunicheka. Akaanza kazi, na akifanya ananieleza. "Kosa lako ulianza katikati. Bati likiumia, huwa linaumia kwa mpangilio. Panapogongwa kwanza panaingia, halafu pembeni panakunjika mwisho. Ule mkunjo wa pembeni ndio unashikilia shimo lisirudi. Kwa hivyo unaanza na palipoumia mwisho, unarudi hadi palipoumia kwanza." Akashika chuma upande wa ndani, akagonga ule mkunjo wa nje kidogo kidogo. Mkunjo ulipolegea, katikati ikaanza kupanda hata kabla hajaigusa. Pale nilipotanua mimi ilibidi apashe moto kidogo na kupoza kwa kitambaa cha maji, bati lijivute. Hiyo ndiyo ilimsumbua kuliko nguzo yenyewe. Nilichoharibu nikificha kilikuwa kigumu kuliko nilichoharibu kwa bahati mbaya.

Sasa nirudi kwa Zakayo. Usiku mwingi nilikuwa nimeomba toba chumbani, nikilia kweli. Lakini nilikuwa napiga katikati. Zakayo alisimama mbele ya Bwana, na mdomo wake ukaenda moja kwa moja kwa watu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Alianza pembeni, pale watu walipokuwa bado wanaumia. Kwangu mimi nguzo ndiyo ilikuwa ya kwanza, uongo wa pili, na yule kijana kufukuzwa langoni ndiyo ya mwisho. Basi ni yeye wa kuanza naye.

Nilimwambia mke wangu usiku huo. Asubuhi nikamtafuta kijana, nikampata Kapsoya stejini, nikamwambia yote mbele ya wenzake, maana jina lake liliharibika mbele za watu. Akanyamaza kitambo, akipangusa kiti cha pikipiki ambacho kilikuwa kisafi tayari. Kisha akasema: "Pasta, wewe nimekusamehe. Lakini wale walionitoa langoni, hakuna hata mmoja ameniambia kitu. Na zile Jumapili mbili nililala na deni la mafuta."

Deni la mafuta nimelipa kutoka mfukoni mwangu, na zaidi ya hapo. Hilo lingine siwezi kulilipa peke yangu. Wazee wawili wamekubali tuende naye tukaongee Jumamosi, saa tatu asubuhi. Yeyote aliyemwangalia vibaya kwa sababu ya maneno yangu, tukutane langoni tutoke pamoja. Tutaenda na Probox. Rangi ya pale nyuma bado haijafanana.