Majani Yapate Maji ya Moto

Huenda sasa hivi birika liko jikoni. Majani ya chai yakikaa kwenye kopo, ni makavu tu. Yakikutana na maji ya moto, nyumba nzima inajua kumekucha. Na mapenzi ya jambo ndivyo yalivyo. Yanangoja maji ya moto.

Robert Petersen alikulia California, Marekani, mtoto wa fundi. Alipenda magari tangu utotoni. Vijana wa huko walinunua magari makuukuu, wakayavua mabati, wakayatia injini kali, wakaenda kushindana jangwani, kwenye maziwa yaliyokauka. Wengi waliwaona wahuni. Petersen aliona mafundi. Aliona kazi inayostahili kuandikwa.

Mwaka 1948, yeye na mwenzake Robert Lindsay wakatoa jarida la magari hayo, Hot Rod. Walisimama nje ya viwanja vya mashindano, wakauza nakala kwa mkono. Kwa mkono, ndugu msikilizaji! Hapo ndipo ninapompenda Petersen. Kijana aliyejaa vumbi na grisi akafungua ukurasa, akakuta gari kama lake, limepigwa picha kwa heshima. Jarida hilo ndilo lililokuwa maji yake ya moto, nalo likazaa kampuni kubwa ya uchapishaji. Na leo Los Angeles ina jumba la makumbusho ya magari lenye jina la Petersen.

Wewe unayeelekea kazini, kuna jambo unalolijua kwa mapenzi, unalolisimulia kila siku kijiweni. Leo, wakati wa mapumziko, chukua karatasi. Andika ukurasa wake wa kwanza. Nani utampa ausome?