Amekosa Nini?

Yuko buibui mmoja ambaye wengi wetu twamwona nyumbani ingawa hatumjui kwa jina. Mwili wake ni bapa, miguu yake ameitandaza kando kama kaa, na rangi yake ni ya kijivu au ya udongo. Mchana hujificha katika ufa wa ukuta, nyuma ya picha au chini ya gome la mti. Usiku hutoka kuwinda. Hatandi utando wa kunasia. Hukaa kimya ukutani, na mdudu akipita karibu humkamata.

Wataalamu wamemweka katika jamii ndogo iitwayo Selenopidae. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani, Yu Zeng na Sarah Crews, walionyesha kwamba buibui hawa humkamata mdudu hata akitokea nyuma yao. Hugeuka kwa kasi inayoweza kufika nyuzi 3,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya mizunguko 8. Chakula chao ni wadudu kama nondo na mende. Kwa mtu hawahesabiwi kuwa wa hatari, wakituona hukimbia.

Miaka ile tulipokuwa tukifundisha chuo cha ualimu, siku moja tulikwenda shule ya msingi kumtazama mwanachuo wetu akifanya mazoezi ya kufundisha. Buibui huyo akachomoza kando ya ubao. Watoto wakapiga kelele. Tukavua kiatu, tukampiga, akafa. Ndipo mtoto mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Mwalimu, amekosa nini?" Tukamjibu, "Anatisha." Mtoto akanyamaza, kwa kuwa mwalimu amesema.

Jibu lile limetusumbua miaka mingi. Siku ile tulilifundisha darasa zima somo ambalo halikuandikwa katika andalio lo lote: kwamba kutisha ni kosa, na adhabu yake ni kifo.

Tena somo hilo haliishii kwa buibui. Katika nchi yetu, hasa Usukumani, wako akina bibi waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Na wekundu ule huletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Waliowaua hawakuuliza, "Amekosa nini?" Hatusemi kwamba buibui ni sawa na bibi yetu, hasha. Twasema kwamba mazoea hujenga tabia, na anayezoea kuhukumu kwa sura katika jambo dogo atahukumu hivyo hivyo katika jambo kubwa.

Wengine watasema, "Nina mtoto mchanga, nitajuaje yupi ana sumu kali?" Swali hilo ni la haki. Woga tumepewa ututunze, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwenye shaka na amfunike kwa kikombe, apitishe karatasi chini yake, amtoe nje. Lakini kushtuka ni jambo moja, na kuua ni jingine. Woga ni mlinzi mzuri, tusimfanye hakimu.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima, labda naye ana watoto. Kama tungekutana naye leo, tungemjibu upya: "Hakukosa neno. Tuliokosa ni sisi."