Binadamu Hana Kilomita

Siku hizi kuna neno limeingia kwenye maongezi ya vijana wetu, hasa wavulana. Neno lenyewe ni kilomita. Ukikaa nao pale wanapochaji simu utalisikia. Msichana akipita, mmoja anasema, "Yule bado mpya, kilomita sifuri." Akipita mwingine, wanacheka: "Huyo ametembea sana, bei imeshuka."

Wengi wanaona ni mzaha tu. Mimi nafanya kazi na vijana, na nimeona mzaha huo ukileta madhara. Mwaka huu msichana wa miaka 17 ametolewa na mama yake kwenye darasa la kompyuta la jioni. Hakukosa adabu wala hakufeli. Watu walianza tu kusema "anatembea", na mama akaogopa. Kwa hiyo naomba tuliangalie neno hili polepole, kuanzia kule lilikotoka. Je, ni kweli kwamba kitu kikitumika thamani yake inapungua? Na hata kama ni kweli kwa gari, ni kweli kwa mtu?

Neno limetoka kwenye biashara ya magari yaliyotumika, na vijana wetu wanapenda zaidi yale ya mbio: Ferrari, Lamborghini, Porsche, McLaren. Hakuna aliyewahi kuligusa hata moja, lakini bei wanazijua zote kwenye simu. Na ni kweli, katika biashara hiyo kilomita zina uzito. Gari la kawaida likitoka dukani tu, bei yake inaanza kuanguka. Lakini kuna magari machache ya mbio, yaliyotengenezwa kwa idadi ndogo, ambayo yanafanya kinyume: yanakaa miaka na bei inapanda. Mnunuzi wa gari la namna hiyo anauliza maswali yake. Yalitengenezwa mangapi? Injini ni ileile ya kiwandani? Rangi ni ya kwanza? Kumbukumbu za matengenezo zipo? Limetembea kilomita ngapi?

Vijana wana mfano wao wanaoupenda. Mwaka 2021, kwenye mnada wa Pebble Beach, California, gari aina ya McLaren F1 la mwaka 1995 liliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 20. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa 106 tu. Hilo moja lilikuwa limetembea kama kilomita 390 tangu litoke kiwandani. Sasa tupige hesabu. Mwaka 1998 gari la aina hiyo lilipimwa, likafika kilomita 386 kwa saa. Maana yake, katika miaka 26 gari hili lilitembea safari ambayo kwa mwendo huo lingeimaliza kwa saa moja hivi. Muda mwingine wote lilikuwa limesimama. "Unaona?" wananiambia. "Lilitunzwa, ndiyo maana lina bei."

Sawa. Lakini kuna gari lingine la aina hiyohiyo. Lilikuwa la Rowan Atkinson, yule Mwingereza ambaye sisi wote tunamjua kama Mr. Bean. Alilinunua mwaka 1997 na hakulifungia gerejini. Aliliendesha karibu kilomita 66,000. Aliligonga zaidi ya mara moja. Mwaka 2011 lilipiga mti, na kulitengeneza kukagharimu zaidi ya pauni laki tisa. Mwaka 2015 aliliuza, na bei iliyotajwa ni pauni milioni 8, zaidi ya mara kumi ya pesa aliyolinunulia.

Halafu kuna Ferrari 250 GTO. Zilitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964, na mpya ilikuwa kama dola 18,000. Mwaka 2018 moja iliuzwa kwa mnada huko California kwa zaidi ya dola milioni 48. Hiyo haikuwa gari la kufunikwa turubai. Ilishindana, ikashinda, na ushindi ule ni sehemu ya kile mnunuzi alicholipia. Kumbe hata huko kwenye magari hesabu haiendi kama vijana wanavyoisema. Lipo gari linalopanda bei kwa sababu halikutembea, na lipo linalopanda kwa sababu lilitembea na safari zake zinajulikana.

Ningeweza kuishia hapa na kuwaambia wavulana: mmeona, hata mwenye kilomita nyingi ana bei kubwa. Nimesikia semina nyingi zikifanya hivyo kwa nia njema. Mwezeshaji anatoa noti ya shilingi elfu moja, anaikunja, anaikanyaga chini, halafu anauliza, "Nani bado anaitaka?" Mikono yote juu. "Basi," anasema, "na wewe hata ukikanyagwa thamani yako ni ileile." Watu wanapiga makofi.

Mimi noti hiyo hainiridhishi. Iliyokunjwa na isiyokunjwa, zote ni za kununulia vitu, na noti haiulizwi inataka kwenda mfukoni kwa nani. Tukimwambia msichana aliyeumizwa kwamba bei yake haijashuka, tumeshakubali kwamba ana bei. Tumebishana na wavulana juu ya kiasi tu, na soko lenyewe tumeliacha lilivyo.

Swali la kweli ni hili: bei inasema habari za nani? Sisi wa kambini tunapaswa kulijua jibu kuliko watu wengine. Jirani akipata ndege ya kwenda nchi ya tatu, godoro lake, baiskeli yake, sola yake, vyote vinauzwa wiki hiyohiyo kwa bei ya kutupa. Baiskeli haijaharibika. Jana ilibeba mahindi, na kesho itabeba mahindi. Kilichobadilika ni kwamba mwenye nayo anaondoka Alhamisi na majirani wote wanajua. Bei haikutuambia chochote juu ya baiskeli. Imetuambia muuzaji ana haraka na mnunuzi hana. Na lile gari la dola milioni 20 ni hivyohivyo. Bei yake imetuambia kwamba kuna matajiri kadhaa wanaotaka kitu kilekile na hakitoshi kwa wote. Gari lenyewe halikuwa na neno la kusema pale mnadani.

Mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, alitenganisha mambo mawili katika kitabu chake cha mwaka 1785. Alisema kitu chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha kulingana nacho. Kisichoweza kubadilishwa hivyo hakina bei, kina hadhi. Babu zetu hawakumsoma Kant, lakini walikuwa na neno utu, na utu haupimwi kwa mizani wala kwa dashibodi.

Wavulana nao wana methali yao: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanaitumia kumsema msichana anayeonekana njiani. Lakini isikilizeni vizuri. Hiyo ni methali ya bidhaa. Chema na kibaya vyote viwili viko sokoni, vyote vinatafuta mnunuzi. Ukimwekea dada yako methali hiyo, umeshamweka juu ya meza ya sokoni kabla hujasema kama ni chema au kibaya.

Na tazameni hili neno kutembea linavyotuchezea. Kwa mvulana tunasema "tembea uone". Akirudi kutoka Lodwar au Nairobi tunamkalisha atusimulie. Kwa msichana, "anatembea" peke yake ni tusi, hata kama anatembea kwenda darasani. Miguu ni ileile na vumbi ni lilelile. Halafu tukumbuke sisi ni nani. Hakuna mtu katika kambi hii aliyefika akiwa na kilomita sifuri. Mama zetu walitembea usiku wakiwa na watoto mgongoni, na njiani yaliwapata mambo ambayo mpaka leo hawayasemi. Kijana anayecheka kilomita za msichana anacheka safari iliyomleta yeye mwenyewe hapa akiwa hai.

Nina neno pia kwa ndugu zetu wa mashirika, na nalisema kwa heshima. Kati ya vigezo vya kupendekezwa kwenda nchi ya tatu kuna kile cha wanawake na wasichana walio hatarini. Kigezo hicho ni cha haki, kwa sababu aliye hatarini zaidi anastahili kuondolewa mapema. Lakini mjue kinavyosikika huku chini. Msichana yuleyule ambaye nyumbani anaambiwa amepungua kwa sababu ya yaliyompata, akifika ofisini anahisi ameongezeka kwa sababu ya hayohayo. Pande zote mbili anaulizwa kilomita. Sisemi maswali yasiulizwe. Naomba yule anayeuliza amweleze, kwa lugha anayoielewa, kwamba kinachopimwa ni hatari aliyonayo. Yeye mwenyewe hapimwi. Dakika mbili zinatosha.

Sasa nageuka kwa wazee wetu, maana wao ndio wenye jibu la swali lililobaki. Kila nikizungumzia mahari mbele yao wananirekebisha: "Mwanangu, mahari si bei. Binti hauzwi. Mahari ni shukrani kwa waliomlea." Nakubali, na napenda maneno hayo. Lakini nimekaa kwenye mikeka hiyo nikasikia wajomba wakipunguza. Binti amezaa nyumbani, punguza. Binti alibakwa njiani wakati wa vita, punguza. Binti amesoma, ongeza. Shukrani haifanyi hivyo. Mama aliyemlea mtoto aliyeumizwa, aliyekesha naye mpaka akaweza tena kucheka, amefanya kazi kubwa kuliko mwingine yeyote. Kama ni shukrani, yeye ndiye angepewa zaidi. Kama anapewa kidogo, basi pale kwenye mkeka kuna mtu amesoma dashibodi.

Sitaki kuvunja mila. Nataka tuchague moja. Kama mahari ni shukrani, wazee watangaze kwamba historia ya binti haitatajwa wakati wa kuhesabu, na wavulana watajifunza kutoka kwao haraka kuliko kutoka kwangu. Kama ni bei, tuseme wazi kwamba ni bei, tusiwadanganye mabinti wetu.

Darasa la kompyuta bado liko pale jioni, na kiti cha yule msichana hakijapewa mtu. Nimeongea na mama yake mara mbili. Anasema ataruhusu, ila anataka kwanza asikie wajomba wanasemaje. Basi wajomba, mnasemaje? Anayetaka kunijibu, hata kwa kunipinga, kurasa za toleo lijalo ziko wazi, na asiyeandika anikute Jumamosi baada ya mpira, tutaongea.