Mwili wa Mwanafunzi ni Amana ya Nani?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na ni methali inayopendwa sana na walimu. Hutamkwa shuleni, chuoni, jandoni na jikoni. Maana yake haina ubishi: ustadi na tabia hupandwa mapema, kwa kuwa mtu mzima ni mgumu kupinda. Walakini ni mara chache anayeitamka husita kidogo akamtazama samaki mwenyewe. Samaki yule amekwisha kufa. Hasikii maumivu, hakui tena, wala kesho hatauhitaji mgongo aliokunjwa leo. Mtoto hayumo katika hali hizo hata moja. Basi methali iliyo njema kwa adabu yaweza kuwa hatari ikichukuliwa kwa maana ya viungo, na elimu ya kucheza huichukua kwa maana hiyo kila siku.

Nguvumali ni mtaa wa mji wa Tanga, na mtu akitaka aweza kulisoma jina lake kuwa nguvu ni mali. Huko, kama penginepo pwani, mtoto hujifunza ngoma pembeni mwa duara. Huwatazama wakubwa, huiga bega, huiga kiuno, hukosea, huchekwa, hujaribu tena. Miguu yake ni mitupu, na chini yake ni mchanga au udongo uliokanyagwa. Akichoka hutoka, akipenda hurudi. Hapana mtu aushikaye mguu wake akaupeleka mahali usipotaka kwenda. Mcheza kwao hutuzwa, na tuzo hiyo haidai mfupa wa mtu.

Hii si kusema kwamba ngoma haina ukali wake. Tanga iliijua beni tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Marini wakishindana na Arinoti kwa mavazi, tarumbeta na gwaride. Na palipo na mashindano aghalabu pana mtu anayechoshwa kwa ajili ya sifa za mwingine. Lakini kwa jumla ngoma huufuata mwili ulivyo. Baleti huuamuru mwili uwe vingine.

Mchezo huo ulilelewa katika majumba ya wafalme wa Ulaya. Mwaka 1661 Louis XIV wa Ufaransa, aliyekuwa mchezaji yeye mwenyewe, alianzisha chuo cha kuuwekea sheria. Sheria mojawapo ni kuigeuza miguu nje, visigino vikielekeana na vidole vikitazama kando. Mwaka 1832, mjini Paris, Marie Taglioni alicheza La Sylphide akisimama juu ya ncha za vidole, akaufanya mtindo huo kuwa sanaa ambayo wasichana wa dunia nzima wameiota tangu siku zile. Hukumbukwa kwamba alionekana kama kiumbe asiye na uzito. Husahauliwa kwamba alikuwa mwanamke mzima aliyekaribia umri wa miaka 28, na kwamba wepesi ule ulitokana na mazoezi ya saa nyingi kila siku chini ya baba yake.

Yafaa kujua mambo hayo mawili humtaka nini mtoto. Kugeuza mguu nje ni kazi ya nyonga. Kina cha tundu la nyonga na mwelekeo wa mfupa wa paja havikuumbwa sawa kwa watu wote, na wachache mno ndio wanaoweza kuipanga miguu katika mstari mmoja bila hila. Mtoto anayelazimishwa huipata hila upesi: huacha nyonga ilipo, akaubandika wayo sakafuni kwa nguvu na kusokota goti na kifundo. Kwa mbali huonekana amefaulu. Mwalimu asiyejua humsifu, na sifa humfundisha kusokota zaidi.

Kusimama juu ya ncha za vidole kuna hesabu nzito kuliko hiyo. Mifupa ya mtoto hurefuka katika sehemu laini zilizo karibu na miisho yake, na sehemu hizo hazijawa mfupa kamili mpaka miaka ya ujana iwe imesonga mbele. Chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi, kilichoundwa mwaka 1990, huwashauri walimu wasimpandishe mtoto juu ya ncha za vidole kabla hajatimiza miaka 12. Na umri peke yake hautoshi, maana lazima pawepo miaka kadhaa ya mafunzo, nguvu ya tumbo na mgongo, na kifundo cha mguu kisichoyumba. Tena kuna kile kipindi ambacho mtoto hurefuka ghafla. Mifupa hutangulia, misuli na kano hufuata nyuma zimekazwa kama kamba ya hema. Aliyekuwa mwepesi mwezi uliopita huwa mzito, huanguka, hulalamika goti chini ya kilegesambwa. Kwa wakati huo mwalimu mwenye busara hupunguza kuruka na kunyosha viungo. Mwalimu mwenye haraka husema mtoto amekuwa mvivu.

Ichukuliwe mfano kwamba darasa la baleti limefunguliwa Nguvumali, katika ukumbi wenye sakafu ya saruji. Yupo msichana wa miaka 10 aliyekwisha kuwapita wenziwe. Mwalimu amepata jozi moja ya viatu vya ncha kutoka katika mtumba, vimekwisha kuvaliwa Ulaya na mguu mwingine. Onyesho litafanyika baada ya miezi mitatu, wageni wamealikwa. Mama wa mtoto amekubali kwa furaha. Mtoto mwenyewe haombi jingine usiku na mchana. Viatu vinamtosha. Kosa liko wapi?

Wengi watajibu kwamba halipo, kwa kuwa hapana aliyelazimishwa. Hapo ndipo penye fundo la jambo. Ridhaa ni neno zito baina ya watu wazima wawili wanaojua wanachokiuza na wanachokinunua. Mtoto wa miaka 10 anajua anachokinunua: makofi, taa, sura ya mama yake ukumbini. Anachokitoa hakijui, kwa sababu ni goti la mwanamke wa miaka 40 ambaye yeye hajawa bado. Mwanamke huyo hakuulizwa. Mama naye ameridhia kwa kumwamini mwalimu, kama mgonjwa anavyomeza dawa asiyoijua jina lake. Kila ridhaa katika nyumba ile yaegemea maarifa ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye mwenye faida katika onyesho.

Watu wa pwani wanayo sheria ya zamani inayolifaa jambo hili kuliko maneno ya mikataba: sheria ya amana. Mtu akiachiwa mkufu autunze, hana ruhusa kuuvaa arusini hata kama mwenyewe yuko safarini na hataona. Na mwenye mkufu akiwa mtoto, ukali wa sheria huzidi. Mwili wa mwanafunzi huingia darasani kwa namna hiyo. Mwalimu ameachiwa autunze na kuuongezea thamani. Akiuvaa yeye kwa sifa zake, amekula amana, ijapokuwa mtoto alimsihi auvae.

Hata viatu vile vina neno lao. Kiatu cha ncha hutengenezwa kwa tabaka za kitambaa na gundi, na uchezaji hukilainisha upesi hata kikapoteza uthabiti. Tena hujiumba kwa mguu wa aliyekivaa. Kuwatosha vidole si kuwafaa vidole. Kanzu ya mtumba humsitiri anayeivaa, bali kiatu hiki cha mtumba humdanganya. Na saruji haina mnepo: kila mruko hurudi wote katika muundi na kisigino. Dawa yake si ya Ulaya wala si ya matajiri, kwani seremala wa mtaani aweza kuinua sakafu ya mbao juu ya vipande vilivyopangwa, ikawa yanepa kidogo. Lakini mbao hazionekani katika picha za onyesho, viatu huonekana. Na fedha kidogo iliyopo hukimbilia kinachoonekana.

Yapo mabishano yenye uzito dhidi ya haya yote, na si haki kuyapita. Watasema wenye kuyaleta: subira ni anasa ya wenye nacho. Shule ya Opera ya Paris hupokea watoto tangu umri wa miaka 8, na ile ya kifalme ya Uingereza tangu miaka 11. Mtoto wa huko hungoja akiwa ndani ya nyumba. Mtoto wa Afrika ya Mashariki hungoja akiwa mlangoni, na mlango hufungwa. Katika Kibera, Nairobi, mwalimu Mike Wamaya alifundisha watoto baleti katika darasa la shule, madawati yakisogezwa kando, miguu mitupu juu ya sakafu ngumu, na picha zao zikaenea duniani. Joel Kioko, aliyekulia mtaa wa Kuwinda katika mji huohuo wa Nairobi, alianzia katika darasa la aina hiyo, lisilo na kioo wala mti wa kushikia, akafika hata kusoma katika shule ya Baleti ya Taifa ya Uingereza jijini London. Je, angefika kama mtu angemwambia angoje sakafu nzuri?

Swali hili halina jibu jepesi, na anayetoa jibu jepesi hajawahi kuwa maskini. Kweli mtoto aliyechelewa kuanza anaweza kuukosa mlango kwa sababu ya subira ya mwalimu wake. Hiyo ni hasara ya kweli, na mwalimu asijifariji kwa kuiita si kitu. Lakini mfano wa Nairobi wafundisha kitu kingine pia. Watoto wale walikosa kioo, mti na mbao. Hawakukosa mwalimu anayetazama. Kufundisha pasipo vyombo ni dhiki, na dhiki huweza kusamehewa. Kuruka hatua ni jambo jingine. Penye sakafu ngumu mwalimu aweza kupunguza miruko, akazidisha kazi ya mgongo, mikono, mizani na kusikiliza muziki, na mambo hayo mlango wowote huyapokea. Asichoweza ni kumwazima mtoto wa miaka 10 mifupa ya miaka 14. Tena maskini akivunjika huvunjika mara mbili. Mtoto wa tajiri aliyeumia hupata daktari wa viungo na miezi ya kupumzika. Wa Nguvumali hupata mafuta ya kuchua na maneno ya kumtia moyo. Kama subira ni anasa, basi jeraha ni anasa kubwa zaidi.

Limebaki neno la maumivu. Walimu wa kale waliyahesabu maumivu kuwa ada ya elimu, na hata leo husikika mtu akisema: nilikalishwa miguu mbali hata nikalia, mwalimu akanikandamiza mgongo, na tazama nimekuwa nani. Ushahidi huo una kasoro moja: aliyepona ndiye anayeutoa. Aliyevunjika hayumo darasani kusema. Kuna uchovu wa misuli iliyofanya kazi, nao hupita kwa usingizi. Kuna maumivu makali ya kiungo kimoja, yanayorudi mahali palepale, nayo ni habari. Mtoto anayemwogopa mwalimu huificha habari hiyo mpaka imekuwa jeraha. Ndiyo sababu woga darasani, ambao wengi huuita nidhamu, ni jambo la afya pia.

Kadhalika chakula. Msichana anayeambiwa mbele ya wenziwe kwamba amenenepa atakula kidogo, atasifiwa, atakula kidogo zaidi. Mwili usiopata cha kutosha hukata matumizi yake wenyewe: hedhi huchelewa au hukoma, mifupa hudhoofu, na ufa mdogo huingia katika mguu unaoruka kila siku. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliionya dunia ya michezo juu ya upungufu huo. Nyumba yenye mlo mmoja kwa siku haihitaji mwalimu wa kuwafundisha watoto njaa.

Na mwalimu naye alifundishwa na nani? Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilifunguliwa mwaka 1981, na tangu 2007 kimekuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni; humo wachezaji wengi wa Tanzania walijifunza ngoma na sarakasi. Anayefundisha watoto yampasa kujua kitu zaidi ya kucheza. Mchezaji hodari anaujua mwili mmoja, wake. Mbele yake wamesimama ishirini, na hapana hata mmoja ulio sawa na huo.

Basi yule msichana wa miaka 10 aja jioni, ameshika viatu kifuani. Amwamkia mwalimu, auliza kama ni leo. Mwalimu amwambia asimame kwa mguu mmoja, kisigino akiinue polepole, ashuke polepole, mara ishirini, bila kushika ukuta. Mtoto afika mara ya saba, kifundo chaanza kuyumba, naye atazama chini kwa aibu. Mwalimu avichukua viatu, avitundika kwenye msumari mahali panapoonekana, ahesabu kwa sauti: saba. Kesho watahesabu tena. Katika onyesho atacheza miguu mitupu, na mama yake ataelezwa sababu kabla ya siku hiyo, nyumbani kwake, si ukumbini.