Gari Jekundu Lilipofika Ogembo

Mpwa wangu alinunua gari la spoti la Kiitaliano mwezi wa Novemba, bonasi ya majani chai ilipokwisha kulipwa na mkopo wa Sacco ukaingia. Nasimulia kisa hiki kwa ruhusa yake. Aliniambia, "Mjomba, andika. Huenda kuna mwenzangu mahali anaangalia picha kama nilizoangalia mimi." Ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Ogembo, kijana makini, hanywi pombe wala hachezi kamari. Nayataja hayo ili msomaji asidhani kisa hiki ni cha mtu wa kutapanya mali.

Gari alilipata Nairobi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo gari la namna ile linalolingana na mfuko wa mwalimu huwa ni lile lililoingia zamani na kupita mikononi mwa watu kadhaa. Lilikuwa jekundu, halina mkwaruzo, na bei yake ilikuwa chini ya bei ya Probox iliyotumika. Hapo ndipo ningemshika mkono kama angeniuliza mapema. Probox hubeba abiria na ndizi mchana kutwa kati ya Kisii, Ogembo na Kilgoris. Hakuna anayesimama kuitazama ikipita, na bado bei yake haishuki. Gari zuri likiuzwa kwa bei ndogo kuliko gari la kazi, anayeliuza ameshapiga hesabu ambayo mnunuzi hajaianza.

Lakini nilikuwa ndani ya gari lile siku alipolileta nyumbani, na siwezi kusema uongo juu ya utamu wake. Tuliteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu, ile iliyochongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wakaacha na kikanisa chao kidogo kando ya mteremko. Mpwa wangu alipunguza mwendo tulipokipita, akatabasamu kama aliyekutana na jamaa. Baada ya Narok barabara ilipofunguka, alilikanyaga. Injini ilipopita mizunguko 4,000 kwa dakika ilibadili sauti. Iliacha kunguruma ikaanza kuimba. Usukani ulimtii kabla mkono haujamaliza kugeuka. Bomet, Sotik, Keroka, kisha Kisii, na kutoka hapo kona zetu wenyewe katikati ya chai, migomba na mikaratusi, hadi tukaingia Ogembo jioni watoto wakikimbia nyuma yetu. Mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalizunguka mara mbili bila kusema neno, halafu akauliza kama viti vya nyuma vinaweza kumchukua mtu mzima. Nilimwona kijana akiwa na furaha ambayo mshahara wake haujawahi kumpa.

Sasa sikiliza jinsi furaha ile ilivyojengwa. Gari lilikata kona vizuri kwa sababu liliinama karibu na ardhi. Kwa sababu hiyo hiyo sampu ya oili ilikwaruza karibu kila tuta kati ya Kisii na Ogembo. Injini iliimba kwa sababu iliundwa kuzunguka kwa kasi, vyuma vyake vikikaribiana kwa nafasi ndogo sana. Kwa hiyo ilidai oili ya aina moja tu, kwa wakati wake. Na kamshafti mbili zilizofungua vali 16 zilizungushwa na mkanda wa mpira, mkanda wa taiming. Mpira huchoka kwa kilomita, na pia huchoka kwa miaka hata gari likiwa limeegeshwa. Katika injini ya namna ile, mkanda ukikatika au ukiruka meno, pistoni hupanda wakati vali bado zimeshuka, zikagongana.

Waitaliano wenyewe walilipa karo ya somo kama hili, tena hapa kwetu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na kampuni ya Lancia ilipoleta gari lake la Stratos katika miaka ya 1970 ilikuwa inashika taji la dunia: 1974, 1975 na 1976. Lilikuwa gari fupi lenye injini ya Ferrari ya silinda 6, na barabarani Ulaya lilitisha. Safari ya 1975 lilishika nafasi ya 2 na ya 3. Aliyeshinda alikuwa Ove Andersson kwa Peugeot 504, ndugu wa zile Pijo zilizokuwa zikibeba abiria wa huku kwetu. Mwaka uliofuata alishinda Joginder Singh wetu kwa Mitsubishi Lancer. Stratos haikushinda Safari hata mara moja. Lancia ilisubiri hadi 1988, Miki Biasion alipoibuka wa kwanza kwa Delta Integrale. Nilikuwa kijana wa shule, nikisikiliza redio ya baba. Biasion alirudia 1989, na Juha Kankkunen akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo 1991.

Gari hilo la Lancia lilikuwa limeimarishwa, ndiyo, lakini halikuja peke yake. Timu kubwa za miaka ile zilitangulia kuja kuipima njia, zikapanga mafundi na spea kando ya barabara, na helikopta ikafuata gari angani ikiwa na mtu wa kushuka na spana pale linapokwama. Wazee wa pwani walisema usione vyaelea, vyaundwa. Mimi niliyeisikiliza Safari redioni nilisikia jina la dereva. Jina la aliyekaza nati usiku wa manane kwenye vumbi sikulisikia, na mpwa wangu vilevile alinunua kinachoelea bila kuuliza waundaji wako wapi.

Ogembo wapo mafundi wazuri. Aliyemwendea ana gereji chini ya mkaratusi, na injini ya Toyota anaifungua na kuifunga akiongea siasa. Mkanda ulipofika muda wake, alimwambia waziwazi, "Mwalimu, hii sijawahi kufungua." Kijana alikuwa ameshasumbuka wiki 3 kutafuta mkanda, Kisii hadi Kirinyaga Road, Nairobi, na hakutaka kusubiri tena. Akamwomba ajaribu. Injini za Kijapani alizozizoea fundi yule huwa na alama za kulinganisha taiming. Ile haikuwa na alama za kutegemea. Ilihitaji vyuma maalumu vya kuzifunga kamshafti zisisogee wakati mkanda unabadilishwa. Fundi hakuwa navyo, akaweka alama zake kwa rangi ya kucha. Roli ya kukaza mkanda ilikuwa bei ghali, wakairudisha ya zamani. Gari liliwaka, likaimba kama mwanzo, na wote wawili wakashukuru.

Siku 19 baadaye mama yake alikuwa na miadi ya kliniki ya presha huko Kisii. Walitoka saa kumi na mbili asubuhi, mvua ya usiku ikiwa haijakauka. Kwenye mwinuko baada ya Ogembo ilisikika sauti kama ya sufuria iliyoangushwa, kisha kimya. Hakuna moshi, hakuna taa iliyotangulia kuonya. Mama aliketi kwenye kile kiti cha nyuma magoti yakimgusa kifua, akauliza taratibu, "Limechoka?" Probox ya kwanza ilipita imejaa. Ya pili nayo ilikuwa imejaa, lakini kondakta alimtambua, akamshusha kijana mmoja apande boda boda, akasema, "Mama, ingia mbele." Mwalimu alibaki kwenye majani yenye umande, akiliangalia gari lake jekundu, na ananiambia hakuwahi kuliona zuri kama asubuhi ile.

Kichwa cha injini kilipofunguliwa, vali 8 zilikuwa zimepinda. Tulikaa jioni nzima na daftari. Tukagundua kwamba bei ya gari ilikuwa sehemu ndogo ya gharama. Kama angeweka kando nusu ya pesa za bonasi na mkopo, akanunua mkanda, roli, pampu ya maji na vyuma vya kufungia, leo lingekuwa linatembea. Tena kabla ya hayo yote angemtafuta fundi, akamuuliza kama yuko tayari kujifunza gari hili pamoja naye, na kama hayuko tayari, arudishe moyo wake nyumbani. Mama yake pia alihitaji gari la siku ya kliniki, na hilo halikupaswa kuwa hili. Nilimwambia hivyo, naye hakubisha.

Hakuliuza. Alilifunika kwa turubai nyuma ya nyumba, akawa anaenda shuleni kwa miguu, na kila mwisho wa mwezi akanunua kitu kimoja. Vyuma vya kufungia vilifika kwa basi la usiku kutoka Nairobi, vimefungwa kwa karatasi ya oili, na Jumamosi iliyopita nilimkuta fundi chini ya mkaratusi ameyafungua maelezo yake kwenye simu ya mwalimu, anayasoma kwa mara ya tatu. Alikuwa ametandika gunia safi chini. Kijana wake wa kazi alipoinama kushika chuma cha kwanza, fundi alimzuia, akamrudisha bombani akanawe mikono.