Nyongeza Hutoka Fungu la Nani?

Mtu akinunua fungu la nyanya katika soko la Nakawa, hapa Kampala, haondoki kabla hajaomba nyongeza. Muuzaji atanung'unika kidogo, atasema leo mzigo ulikuja ghali, kisha atatia nyanya moja au mbili katika mfuko. Hakuna anayeona haya kuiomba wala kuipokea, kwa sababu kila mtu anaona inakotoka. Mkono wa muuzaji umeingia katika lundo lake mwenyewe na kupunguza faida yake mwenyewe.

Benki za Marekani nazo hutoa nyongeza. Huko mtu akilipa kwa kadi ya mkopo, benki iliyompa kadi humrudishia sehemu ya alichotumia, mara nyingi asilimia 1 au 2, na kwa aina fulani za manunuzi hata 5. Kadi iliyoueneza mtindo huu nchini humo ni Discover, iliyozinduliwa mwaka 1986, na leo benki kubwa za huko karibu zote zina kadi za namna hiyo. Ushauri wa jinsi ya kuchagua kadi inayorudisha zaidi umejaa tele. Swali langu katika insha hii ni jingine. Nyongeza hii inatoka katika fungu la nani? Na anayeipokea akishajua jibu, je, ni haki aendelee kuipokea?

Siulizi kama mtazamaji. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Waltham katika jimbo la Massachusetts, mji wenye Waganda wengi, na kazi yake ni kuhudumia wazee. Chakula, mafuta ya gari, simu, bima, vyote anavilipa kwa kadi inayorudisha asilimia 2. Kwa mwezi kadi hiyo hupitisha kama dola 1,200, kwa hiyo anarudishiwa dola 24, na mwaka ukiisha ni dola 288. Zikifika huku zinakuwa zaidi ya shilingi milioni moja, nazo ndizo zinazolipia kitanda changu cha hosteli Kikoni kwa muhula mmoja. Kwa hiyo mimi ni mlaji wa nyongeza hiyo, ingawa sina kadi ya mkopo hata moja.

Tuangalie njia ambayo pesa hizo hupitia. Mteja anaponunua vitu vya dola 100 na kulipa kwa kadi ya mkopo, duka halipati dola 100 kamili. Linakatwa ada ya kiasi cha dola 2 hivi, wakati mwingine zaidi, na sehemu kubwa ya ada hiyo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Humo ndimo benki inamochota ya kumrudishia mteja. Hadi hapo mtu anaweza kusema anayelipa ni mwenye duka. Lakini kwa mwenye duka ada hiyo ni gharama kama kodi ya pango na bili ya umeme, na gharama huishia katika bei. Bei iliyobandikwa kwenye galoni ya maziwa ni moja kwa kila anayeingia. Anayelipa kwa kadi hurudishiwa sehemu yake baadaye. Mzee anayelipa kwa noti alizokunja mfukoni harudishiwi kitu.

Sheria ya Massachusetts inalifanya jambo hili liwe la kufikirisha zaidi. Tangu mwaka 1978 inamkataza muuzaji wa rejareja kumbagua mteja anayetaka kulipa taslimu. Jimbo hilo hilo linamkataza pia kumtoza ziada mteja anayetumia kadi. Kumpunguzia bei wa taslimu anaruhusiwa, na vituo vingi vya mafuta nchini Marekani hufanya hivyo kwa kubandika bei mbili, lakini maduka mengi ya chakula hayasumbuki. Ukisoma sheria hizo utasema kweli hapa watu wametendewa sawa. Mimi naona kwamba udhalimu umejificha ndani ya usawa huo. Watu wawili wamelipa bei moja, mmoja ameondoka na maziwa, wa pili ameondoka na maziwa na senti zake.

Je, hao wa taslimu ni akina nani? Mwaka 2010 wachumi wa tawi la Boston la benki kuu ya Marekani walitoa makadirio yaliyojadiliwa sana. Walikadiria kwamba kwa wastani kaya inayotumia taslimu huwalipia wenye kadi dola 149 kwa mwaka, na kaya inayotumia kadi hupokea dola 1,133. Wakigawa kwa kipato, kaya zenye dola 20,000 au pungufu kwa mwaka zilikuwa zikitoa dola 21, na zile za dola 150,000 na zaidi zikipata dola 750. Ni makadirio, na wako waliobishana nayo. Lakini hata tukipunguza tarakimu hizo nusu, mwelekeo wa mto ni ule ule, nao ni wa kupanda mlima.

Kuna fungu la pili, la wale walio na kadi lakini wanashindwa kulipa deni lote mwisho wa mwezi. Hapa ndipo busara ya kutumia kadi inapoanzia, na dada anaifahamu vizuri kuliko mimi. Asilimia 2 ya dola 1,000 ni dola 20. Riba ya kadi huko mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Ikiwa ni 22, deni la dola 1,000 likikaa mwezi mmoja tu linazaa riba ya kama dola 18. Nyongeza imekwisha kuliwa karibu yote, na mwezi wa pili mteja anaanza kumlipa mwenye benki kutoka mshahara wake. Zaidi ya hayo, asiyemaliza deni kwa kawaida hupoteza zile siku za neema, kwa hiyo hata mkate atakaoununua kesho utaanza kutozwa riba kesho hiyo hiyo. Taarifa ya kila mwezi huonyesha kiasi cha chini kabisa kinachotakiwa, pengine dola 35, kwa namna ya kirafiki. Dada ameiagiza benki ikate deni lote kwenye akaunti yake kila mwezi, bila kumuuliza.

Kuchagua nako kuna hesabu yake. Ipo kadi ya American Express inayorudisha asilimia 6 kwa manunuzi ya supamaketi, hadi dola 6,000 kwa mwaka, na inatoza ada ya dola 95 kila mwaka. Mtu husikia 6 akasahau 95. Ukiilinganisha na kadi isiyo na ada inayorudisha 2, tofauti ni asilimia 4, kwa hiyo unahitaji kununua chakula cha dola 2,375 kwa mwaka, karibu 200 kwa mwezi, ili tu kuifidia ada. Mwenye watoto wanne atafaidi. Dada anaishi peke yake na hula zamu nyingi kazini, kwa hiyo aliiacha. Kadi zinazorudisha 5 kwa aina ya manunuzi inayobadilika kila miezi mitatu aliziacha pia, kwa maelezo kwamba kazi ya kuzikumbuka ni zamu nyingine isiyolipwa. Na jambo linalotuhusu sisi tunaotumiwa pesa: anayetuma fedha nyumbani kwa kutumia kadi ya mkopo mara nyingi huhesabiwa kama amechukua taslimu. Hutozwa ada, riba huanza siku hiyo hiyo, na harudishiwi chochote. Dada hututumia kutoka akaunti yake ya kawaida.

Ushauri huu wote ni mzuri na ningempa yeyote anayekwenda kuishi kule. Ila ukiutazama kwa makini, wote unafundisha kitu kimoja, jinsi ya kuhama kutoka upande wa wanaochangia kwenda upande wa wanaochota. Haumgusi hata kidogo yule anayebaki kule nyuma. Wala hauwezi, kwa sababu hebu fikiria kama wote wangeufuata. Kila mteja ana kadi ya asilimia 2 na kila mmoja analipa deni lake lote kwa wakati. Bei za maduka zingebeba ada ya kila mmoja, na kila mmoja angerudishiwa kile alichokwisha kulipa katika bei. Hapo hakuna nyongeza tena, kuna pesa yako mwenyewe iliyokwenda matembezi na kurudi. Na benki, ikiwa imekosa wanaolipa riba, ingekuwa ya kwanza kuifuta. Nyongeza hii, tofauti na ile ya Nakawa, ili iwepo ni lazima awepo asiyeipata.

Mwanafalsafa John Rawls, katika kitabu chake A Theory of Justice cha mwaka 1971, anatutaka tupange kanuni za jamii kana kwamba tuko nyuma ya pazia na hatujui tutazaliwa nani. Nikikaa nyuma ya pazia hilo, sijui kama nitakuwa daktari wa Boston mwenye kadi tatu au mfagiaji ambaye hakuna benki inayomtaka, sioni kwa nini ningekubali mpango ambao mfagiaji anamchangia daktari. Wapo watakaosema taslimu nayo ina gharama: kuhesabiwa, kupelekwa benki, kuibwa. Ni kweli. Lakini ubovu wa mpango haupungui kwa sababu mpango mwingine nao una tundu.

Nilimwandikia dada haya yote, kwa urefu kuliko hapa. Jibu lake lilikuwa fupi na limenisumbua zaidi kuliko Rawls. Aliniambia, "Mdogo wangu, miaka miwili ya kwanza mimi nilikuwa huyo wa taslimu." Alipofika hakuwa na historia ya mkopo, kwa hiyo benki zilimkataa. Baadaye alianza na kadi ya kuweka dhamana, ambayo dola 200 zake mwenyewe zilikaa benki ili akopeshwe 200. Muda wote huo alinunua maziwa kwa bei ile ile na kuwachangia wenye kadi. Sasa, anasema, anarudishiwa.

Hoja hiyo ina nguvu, na asiyeona nguvu yake hajawahi kupanga foleni mahali ambapo hajulikani. Hata hivyo sidhani inatosha. Waliokula mchango wake wakati ule siyo wanaomchangia leo. Anayemchangia leo ni mgeni mwingine aliyefika mwaka jana, na deni la daktari haliwezi kulipwa na mfagiaji. Kama sote tungedai kurudishiwa na anayetufuata, mtu wa mwisho kufika angekuwa analipia mlolongo mzima.

Basi aitupe kadi? Hapa nimebadilika kadiri nilivyozidi kuisoma biashara yenyewe. Dada akilipa taslimu katika supamaketi yenye matawi mia, bei ya maziwa haitashuka hata senti. Dola mbili zitabaki katika faida ya kampuni, na mfagiaji hatapata kitu. Kujinyima kwake kungemtakasa yeye bila kumsaidia mtu, na mimi siamini sana maadili yanayoishia katika mikono safi ya mwenye kuyashika. Lakini katika duka dogo hesabu ni nyingine. Pale Waltham kuna mama wa kwetu anayeuza matooke, unga wa muhogo na karanga zilizosagwa, na dola mbili katika mia kwake si jambo dogo. Nilipomweleza dada ada inakwenda wapi, alisema pale atalipa taslimu, na tangu hapo analipa taslimu.

Dawa yenyewe iko mahali pengine, na imeshajaribiwa. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliwekea ada hiyo kikomo, asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za wateja wa kawaida na 0.2 kwa zile zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti. Nyongeza nono za namna ya Marekani hazipatikani kirahisi huko, kwa kuwa hakuna pa kuzichota. Australia ilianza kuibana ada hiyo tangu 2003. Marekani yenyewe, kwa sheria ya 2010, ilizibana kadi zinazokata kwenye akaunti kwa upande wa benki kubwa tu, na nyongeza nyingi za kadi hizo zikafa. Kama maduka yalishusha bei baada ya hapo, wachumi bado wanabishana. Kadi za mkopo ziliachwa kama zilivyo, na wanaofaidi ni wengi, wana sauti, na wanapiga kura. Dada sasa ni raia. Nimemwuliza kama angempigia kura mgombea anayetaka kuibana ada ya kadi za mkopo, huku akijua dola 288 zitakwenda nayo. Amesema ndiyo, kisha akaniuliza kama mimi ningeweza kumwambia baba kwamba hosteli imekuwa ghali.

Baba hajui habari hii ya kadi. Kodi ya muhula ujao inatakiwa mwezi wa nane. Pesa za dada zitafika kabla ya hapo, na nitazipokea.