Msafiri Anayetafuta Uthai Halisi

Msafiri anayekwenda Thailand siku hizi huwa na hamu moja kubwa: ale chakula halisi cha Kithai, si kile kinachopikwa kuwafurahisha wageni. Hamu hiyo ina heshima yake, ila imejengwa juu ya dhana kwamba lipo jungu la kale ambalo mkono wa mgeni haujaligusa. Jungu hilo halipo. Pilipili, ambayo leo hakuna awezaye kuitenganisha na mapishi ya nchi ile, asili yake ni bara la Amerika. Ilifika Asia enzi za merikebu za Wareno, kama yalivyofika mahindi huku kwetu. Papai nalo ni la Amerika. Lakini mtazame mwuzaji wa som tam, kachumbari ya papai bichi: anatwanga vitunguu saumu na pilipili kichaa, anatia kunde changa na maganda yake, uduvi, karanga, ndimu, sukari ya mnazi na maji ya samaki waliochachushwa. Mkono mmoja unashusha mchi taratibu, wa pili unageuza kwa kijiko, papai lilegee bila kupondeka. Hapo ndipo Uthai ulipo. Hata nyuzi za kiini cha yai zilizopikwa kwenye shira, foi thong, zinazoliwa harusini ili ndoa idumu, ni urithi wa vitamu vya Ureno. Anayetajwa kuzieneza ni Maria Guyomar, mwanamke wa damu ya Kijapani na Kireno aliyeishi Ayutthaya, mji mkuu wa enzi hizo, karne ya 17.

Kuna atakayesema: kuazima kwa karne nyingi ni sawa, lakini pad thai je? Ni tambi zinazokaangwa kwa ufundi wa Kichina, zikapigiwa debe na serikali ya Plaek Phibunsongkhram, aliyebadili jina la Siam kuwa Thailand mwaka 1939 na kutaka taifa liwe na sura moja. Kwa hiyo ni propaganda kwenye sahani? Mwanzoni, ndiyo. Lakini serikali hiyo hiyo iliwashurutisha wananchi kuvaa kofia hadharani, na Phibun alipoanguka mwaka 1944 kofia zikavuliwa. Pad thai ikabaki. Amri inaweza kukivika kichwa. Ulimi una hiari yake.

Pingamizi zito zaidi ni la Songkran, mwaka mpya wa katikati ya Aprili, ulioingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2023. Vijana huwamwagia wazee maji yenye manukato mikononi na kuomba baraka, na sanamu za Buddha huogeshwa. Huko mitaani, wageni kwa wenyeji wanarushiana maji kwa bastola za plastiki. Je, na hilo tulipokee kwa hoja kwamba mila hubadilika? Kwa kiasi. Wathai wenyewe wanacheza maji hayo na kuyafurahia, kwa hiyo si uzushi wa watalii. Ninachokikataa ni mtaa unaochezeshwa maji kwa ajili ya mgeni tu, kama ninavyokataa som tam iliyojazwa sukari kwa sababu mnunuzi ni mzungu. Kwa hiyo msafiri aache kuuliza kitu kina umri gani. Aangalie nani mwingine amekaa kwenye kile kibanda, na mwuzaji akimuuliza atiwe pilipili ngapi, aseme ukweli.